Kigurage: nirekodi lahaja ipi, na niandikeje sauti za midomo?

Uyole_MB
Wakuu habari. Nataka kumrekodi msemaji wa Kigurage aliyeko hapa Mbeya, maneno 200, nilinganishe na Kiamhari. Hii ni lugha moja au kadhaa? Na zile sauti za midomo zinaandikwaje?

MwanaTukuyu
Mkuu, kwenye fomu usiandike "Kigurage" ukaishia hapo, orodha nzima itapoteza thamani. Gurage ni watu na eneo, kusini magharibi mwa Addis Ababa, mji wao mkuu Welkite. Muulize: Chaha, Ezha, Gumer, Inor? Hao ni wa Sebat Bet, "nyumba saba". Kisoddo cha kaskazini ni tawi jingine. Kisilte na Kizay vya mashariki viko karibu na Kiharari kuliko Kichaha! Kuvichanganya ni kama kusema Wanyakyusa, Wasafwa na Wahehe wana lugha moja kwa vile wote ni wa nyanda za juu.

Kipimo cha haraka ni "alivunja". Kiamhari ni säbbärä, b imekazwa, yaani inashikiliwa kwa muda mrefu zaidi. Kichaha kimeacha kukaza na b imegeuka p. Kiezha bado kinakaza.

Kamwene_IR
Kamwene! Kwenye midomo ndipo wengi wanapoharibu. Kwa Kichaha w, yaani kuviringa midomo, si kiambishi cha mwishoni. Shina dänäg ni kupiga. Mtendwa akiwa "yeye" wa kiume, linakuwa dänägw. Lakini käfät, kufungua, linakuwa käfwät, kwa sababu t haipokei w, inarudi nyuma hadi f. Sädäd, kufukuza, halibadiliki kabisa, halina konsonanti ya kuipokea. Kwa hiyo kw, fw, mw hesabu kila moja konsonanti moja.

Rekodi pia amri kwa mwanamume na kwa mwanamke: kwa mwanamke d ya mwisho huwa j, s huwa sh.

Usiulize kwa Kiamhari, atakurudishia neno la Kiamhari. Onyesha picha au kitu chenyewe, aseme mara tatu.

Ukiandika kwa herufi za Kihabeshi, mfululizo wa mw, bw, fw, pw uliingia Unicode (orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta) 2005, na nyongeza nyingine za Kigurage 2021. Fonti ya zamani itakuonyesha viboksi.

Uyole_MB
Asanteni sana. Anasema wazazi ni Waezha, yeye kakulia Welkite.

MwanaTukuyu
Andika vyote viwili. Kisha sikiliza konsonanti ya kati: akikaza neno moja na kuacha jingine, weka alama kila mahali, usimsahihishe.