Mkulima wa Kijijini Anaufikia Uganga kwa Kiasi Gani katika Michezo ya Kuigiza Wahusika?

Mwenye Meza

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kuamua jambo lililoigawa meza yetu tangu Jumamosi. Tunacheza Dungeons & Dragons kwa kanuni za toleo la tatu, lile la mwaka 2000, kwa sababu ndicho kitabu tulichonacho. Ni mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake, nami nikiwa msimulizi huwasimulia yanayowakuta. Wahusika wetu walikuwa wamelala katika kijiji cha watu 600 wakiwa njiani kwenda milimani. Alfajiri akaja mama mmoja amembeba mtoto wa miaka saba, ambaye shoka lilimponyoka baba yake akipasua kuni likampasua mtoto muundi. Mchezaji wetu aliye kasisi alimgusa mguu, na kwa muda wa raundi moja, yaani sekunde 6, nyama ikajifunga na damu ikakatika. Nikasimulia kwamba mama alipigwa na butwaa, akawa anaufuta mguu kwa ncha ya nguo yake akilitafuta jeraha asilione.

Hapo mchezaji mwingine akanizuia. Alisema kwamba kitabu hichohicho kinaeleza kuwa nusu ya asilimia ya wakazi ni wale wanaoitwa adepti, yaani waganga wadogo wa vijijini, na kwa watu 600 hiyo ni sawa na waganga 3. Hata aliye mdogo kabisa kati yao anaweza kujaliwa kisomo, yaani maneno ya uganga, cha kuponya majeraha madogo. Kwa nini basi mama huyo ashangae kama mtu ambaye hajapata kuliona jambo hilo? Sikuwa na jibu, na sitaki kurudi mezani Jumamosi ijayo bila jibu.

Hesabu Kwanza

Mama anashangaa kwa sababu hajawahi kumudu. Ukitaka kusomewa, kanuni inasema utalipa daraja la msomaji, yaani namba ya kiwango cha uwezo wake, mara daraja la kisomo, mara sarafu 10 za dhahabu. Nadhani wengi wetu tuliipita sehemu hiyo haraka kwa kuwa wahusika wetu huwa na mifuko iliyojaa. Kwa mganga wa daraja la kwanza, kuponya muundi ule ni sarafu 10 za dhahabu. Kibarua asiye na ujuzi hulipwa sarafu 1 ya fedha kwa siku, na dhahabu moja ni fedha 10, kwa hiyo mama anatakiwa kulipa ujira wa siku 100 bila kula wala kununua chumvi. Dawa ileile ikiwa ndani ya chupa ni sarafu 50, yaani siku 500. Kwa mkulima, waganga 3 au 30 ni mamoja, maana mlango wao umefungwa kwa dhahabu. Mchawi wa kijiji hana sababu ya kuponya miguu ya watoto bure wakati wafanyabiashara wa mjini wanamngojea na mifuko yao.

Binti wa Mkunga

Ndugu Hesabu, nimesoma hadi sentensi yako ya mwisho nikakwama hapo, na naomba uniwie radhi kwa kusema waziwazi. Hakuna kijiji ninachokijua ambacho watu wake wangemwita mponyaji wao "mchawi". Mchawi ni yule anayekuja usiku kuudhuru uzao na mazao, naye hana mlango wa kubishwa wala bei ya kutangazwa. Mganga ana kilinge kinachojulikana, na watu hufika hapo mchana wakionekana. Neno hilo si la kuchezea. Vikongwe wameuawa Shinyanga na Mwanza kwa kuitwa wachawi, na wengine ushahidi wao ulikuwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Mnapokaa mezani na kuzungumza Kiswahili, mkimwita mponyaji mchawi mmeshaamua, bila kujua, jinsi wanakijiji wanavyomtazama.

Bibi yangu alikuwa mkunga na alijua dawa. Nyuma ya mlango wake kulikuwa na kikapu cha ukindu, na aliyepona alitia humo alichokuwa nacho, mayai mawili au kibaba cha mtama, na asiyekuwa na kitu alikuja kulima nusu siku msimu wa mvua ulipofika. Hakuna aliyerudishwa.

Hesabu Kwanza

Dada, sikukusudia kumtukana bibi yako wala mkunga yeyote, na kama neno limekuumiza naliondoa. Hata hivyo naona umenijibu neno ukaiacha hoja. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza na neno lake halina ubaya unaoutaja, nasi tunaolitafsiri mezani hatuna neno lililokubaliwa na wote. Mganga kwa wengi ni mtu wa mizizi na ramli, hawezi kuwa yule anayerusha moto kutoka viganjani. Mazingaombwe ni michezo ya kudanganya macho. Sihiri ina ubaya uleule wa uchawi. Niambie basi nimwiteje msomi aliyekaa miaka 20 na vitabu vyake mnarani, kisha urudi kwenye sarafu 10, kwa sababu kikapu cha bibi hakimo katika kanuni.

Binti wa Mkunga

Huyo wa mnarani mwite msomi, kama ulivyomwita sasa hivi bila kutafuta. Aliye kijijini mwite mganga. Ni watu wawili tofauti, na kosa la mjadala huu ni kuwapa jina moja na bei moja. Kitabu chenyewe kimewatenganisha: adepti ana orodha yake ya visomo, na kati ya vile vidogo kabisa mna kuumba maji, kusafisha chakula kilichoharibika, kuwasha mwanga na kuunga kitu kilichovunjika. Hizo zote ni kazi za nyumbani. Aliyeiandika orodha hiyo alikuwa anamfikiria mtu anayeishi na majirani.

Jembe na Upanga

Nawaomba mtoke kidogo ndani ya kitabu kimoja. Mwaka 1978 ulitoka mchezo wa RuneQuest, unaochezwa katika ulimwengu wa Glorantha uliobuniwa na Greg Stafford, na humo swali la Mwenye Meza halipo kabisa. Kila mtu mzima ana visomo viwili vitatu alivyojifunza kwa jamaa zake au katika ibada. Mkulima anajua kuponya mkato na kuutia makali upanga, na yupo hata mungu wa plau, Barntar, anayeabudiwa na wakulima. Mama wa Glorantha asingembeba mtoto kwa wageni. Angemponya mwenyewe pale penye kuni, kisha akamgombeza mumewe.

Hata ndani ya Dungeons & Dragons uko ulimwengu wa Eberron wa mwaka 2004, wenye taa za barabarani zisizozimika, garimoshi linaloendeshwa kwa radi, na mafundi wanaojua kisomo kimoja au viwili kama seremala anavyoijua randa. Na tusisahau kilimo, ambacho ndicho maisha ya kijiji. Druidi, yaani kuhani wa misitu, akisoma kisomo cha kuotesha mimea, mavuno ya mwaka mzima yanakuwa mara mbili.

Toleo la Tatu

Si mara mbili. Ni theluthi moja zaidi ya kawaida. Nimekifungua kitabu sasa hivi, kiko mbele yangu, na inanisikitisha kuona watu wanatoa hukumu juu ya kanuni ambazo hawakuzisoma. Tena kisomo hicho kinahitaji druidi wa daraja la 5. Kwa kijiji cha ukubwa wa kile cha Mwenye Meza, daraja la druidi mkubwa kuliko wote hupatikana kwa kurusha kete ya pande sita na kutoa 1, kwa hiyo ni kijiji kimoja tu kati ya sita chenye mtu wa namna hiyo. Huko ndiko kuenea kwa uganga mnakokusema?

Jembe na Upanga

Nimekisoma, ndugu yangu, na ninacho nyumbani. Ni mara mbili. Usiniambie nilichosoma kwa macho yangu.

Msimulizi wa Zamani

Wanangu, nyote wawili mmesoma sawasawa, ila mmeshika vitabu tofauti. Toleo la tatu linasema theluthi moja, na toleo la tano la mwaka 2014 linasema mara mbili. Eneo ni lilelile katika matoleo yote mawili: mduara wenye nusu ya maili kila upande kutoka katikati, ambao ukiupigia hesabu unapata takriban ekari 500. Katika toleo la tano kazi hiyo ni ya saa 8, yaani siku moja ya kazi. Hata tukichukua ile theluthi ndogo, kijiji kimoja kati ya sita chenye ziada hiyo ni habari kubwa. Vile vitano jirani vitajua kwa hakika, na vitamtuma mtu na mbuzi kwenda kumwomba druidi huyo apite kwao. Sijaona meza nyingi zinazolisimulia hilo, ingawa ndilo jambo ambalo mkulima angelijali kuliko mazimwi yote.

Ninalotaka kuongeza linamuunga mkono Binti wa Mkunga, ingawa naona watu wamelichukua neno lake kama ugomvi wa lugha tu. Umbali kati ya mkulima na uganga haupimwi kwa idadi wala kwa bei peke yake, kwa sababu hofu nayo ni umbali. Katika Ars Magica ya mwaka 1987, inayochezwa katika Ulaya ya karne ya 13, wasomi wanaishi pamoja katika makao yao, mara nyingi karibu tu na vijiji. Lakini kipaji walichozaliwa nacho kinawafanya watu wasiwaamini na wanyama wasitulie mbele yao. Mkulima anaweza kuishi miaka 50 akiuona mnara wao kila asubuhi anapokwenda shambani, na asiende kuomba hata dawa ya jino. Katika Dark Sun ya mwaka 1991 hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa msomi mharibifu hunyonya uhai wa mimea ili asome kisomo chake, na ardhi inabaki majivu. Mkulima wa huko akimwona mtu ananong'ona na kunyoosha mkono, anaokota jiwe. Huyo, binti yangu, ndiye ambaye neno mchawi linamfaa, na wanakijiji wangelitumia bila kufundishwa.

Binti wa Mkunga

Nimekubali, mzee wangu, na nakushukuru kwa kuliona hilo. Hata hivyo, huko nako naomba msimulizi aonyeshe kwamba jiwe hilo mara nyingine humpata asiyestahili, kwa mfano ajuza aliyekuwa akinong'ona dua zake tu.

Hesabu Kwanza

Bado hakuna aliyezigusa sarafu 10. Mzee amezungumzia hofu na dada amezungumzia kikapu, na yote mawili yananigusa, lakini kanuni ni kanuni. Mganga akipokea mayai mawili kwa kitu chenye thamani ya siku 100, wachezaji wangu watauliza kwa nini wao watozwe dhahabu, nami sitakuwa na la kuwajibu.

Msimulizi wa Zamani

Jibu lipo, mwanangu. Bei ile imewekwa kwa ajili ya mgeni mwenye silaha anayebisha hodi akitaka huduma sasa hivi, naye kesho hayupo. Jirani halipi bei ya mgeni, kwa kuwa atakuwepo mwakani, na mganga atahitaji paa lake liezekwe. Usisahau pia kwamba mganga wa daraja la kwanza asiye na kipaji cha ziada ana kisomo kimoja tu cha kuponya jeraha la namna ile kwa siku. Akimpa mgeni asubuhi, jioni mtoto wa jirani akianguka mwembeni hana cha kumpa. Mgeni analipia hatari hiyo.

Hesabu Kwanza

Hilo la kisomo kimoja kwa siku nalikubali, kwa kuwa limo kitabuni. La jirani na mgeni umelitunga, mzee.

Mwenye Meza

Nawashukuru nyote. Nimeamua kwamba waganga 3 wapo kweli katika kijiji changu. Mmoja ni mzee mno, kisomo chake kinamtoka siku nyingine na siku nyingine hakimtoki. Wa pili yuko kwenye mashamba ya mbali hadi mavuno. Wa tatu ni mkunga, na alfajiri ile alikuwa ameshakitumia kisomo chake usiku kwa mzazi aliyekuwa akivuja damu. Mama alikwenda kwake kwanza, akaambiwa asubiri hadi kesho, ndipo akaja kwa wageni bila kutumaini sana. Kilichompiga butwaa ni kwamba wageni hawakumuuliza atalipa nini.

Jumamosi tutaanzia pale kisimani, asubuhi ileile. Habari imeshaenea, na watu 40 wamepanga foleni mbele ya nyumba waliyolala wahusika, wengine wamebebwa kwenye machela. Kasisi wetu amebakiwa na visomo viwili. Nimekwisha kumwambia mchezaji wake kwamba mkunga naye yuko katika foleni hiyo, amesimama pembeni, anamtazama atamchagua nani.

Binti wa Mkunga

Mwambie amwulize mkunga. Yeye ndiye anayewajua.