Mediumu imezama kwenye gari: ninunue bafle mupya za mulango, ampli, ao 6x9?

Mtoto_wa_Katindo
Wandugu, habari zenu. Muziki wa gari yangu unanisumbua. Besi inapiga mpaka kibao cha namba kinatetemeka, twita, zile bafle ndogo za sauti nyembamba, zinakata masikio, lakini mediumu, pale katikati, hakuna kitu. Gitaa ya solo ikiingia kwenye sebene utasema inapigwa kwa jirani. Mwimbaji ndiyo namutafuta kabisa. Nikiongeza sauti, zinapanda besi na twita peke yao.
Jumamosi nashuka Birere, kule kwenye maduka hapa Goma, kununua. Nachagua kati ya seti ya mulango ya santimita 16 yenye twita yake kando, ao 6x9 (bafle za yai, inchi 6 kwa 9) mbili za nyuma, ao ampli (mashine ya kuongeza nguvu ya sauti) ya kanali nne bafle zibaki zilezile. Mwenye uzoefu aniambie.

Sebene_Himbi
6x9. Usipoteze muda. Utanishukuru.

Fundi_Majengo
Kijana, unaomba dawa na mugonjwa umemuacha nyumbani. Gari gani? Redio gani? Bafle za mbele zinapigwa na redio yenyewe ao kuna ampli? Sabufa, ile bafle ya besi, ni ya inchi ngapi? Na pesa ni ngapi?

Yaya_Probox
Na nyimbo zinatoka wapi? Zile flash za "nikujazie nyimbo 500" zimebanwa mpaka hakuna nyama. Hapo hata ununue bafle za dola elfu.

Mtoto_wa_Katindo
Samahani wakubwa. Ni Toyota Ist ya 2004, usukani kuume. Redio ni ya Android. Sabufa inchi 12 na ampli yake ya kanali moja. Mbele kuna seti ya 16 na twita, fundi alinifungia mwaka jana, zinapigwa na redio. Nyuma ni za kiwanda. Nyimbo niko natumia simu kwa Bluetooth. Pesa ni dola 130 na haziongezeki, bibi yangu amezihesabu.

Fundi_Majengo
Kumbe seti uko nayo! Sasa unataka kununua seti juu ya seti.
Usishuke Birere kwanza. Tafuta betri ya tochi, ya volti 1.5. Chomoa waya za bafle nyuma ya redio, gusa moja kwa chanya na ingine kwa hasi, halafu angalia koni ya mulango, ile sehemu ya bafle inayotetemeka. Chanya kwa chanya, koni inatoka nje kidogo, tik. Ikiingia ndani, waya zimegeuzwa. Fanya kuume, fanya kushoto. Usishikilie betri, gusa na uachie.

Nyali_Sauti
Nawasoma kutoka Mombasa. Kabla ya bisibisi, fungua ikwalaiza ya hiyo Android, pale unapopandisha na kushusha besi na sauti zingine. Na spika zikigeuzwa waya, kinachopotea zaidi ni besi za mlangoni. Sauti ya mwimbaji haizami, inatawanyika, hujui imesimama wapi. Kwa hiyo huenda una matatizo mawili.

Sebene_Himbi
Spika ni ya bunge. Huku tunasema bafle.

Nyali_Sauti
Na hiyo "mediumu" yenu ni Kiswahili cha wapi? Sema sauti za kati.

Sebene_Himbi
Sauti za kati ni zile za kwaya, kati ya soprano na besi 😂

Mtoto_wa_Katindo
Ikwalaiza nimeangalia. Imekaa kama mutumbwi wa ziwa, mbele na nyuma imeinuka, katikati imezama. Niliiweka mwenyewe siku nilinunua sabufa. Nimeilaza yote sufuri. Mwimbaji amesogea, lakini bado ni kama anaimba na kitambaa kwenye mudomo.

Omu_Nne (L'shi)
Nauliza kutoka Lubumbashi: bafle ya mulango iko na kapasita, kile kidude cha kwenye waya cha kuzuia besi? Sizungumzii ile ya twita. Twita ya ukinzani wa omu 4 ikipewa kapasita ya mikrofaradi 4.7 inaanza kuimba karibu 8,500 Hz, na hiyo ni sawa kwa twita ndogo. Lakini kuna mafundi wanafunga kapasita hata kwa bafle kubwa, eti kuilinda na besi. Ukiweka ya 47 kwa omu 4, inapunguza kila kilicho chini ya karibu 850 Hz, na kadiri unashuka inapunguza zaidi. Sauti ya mutu na gitaa vina uzito wao mwingi kuanzia kama 300 mpaka 3,000. Kwa hiyo mwimbaji anabakia na meno, kifua hakuna.
Na angalia kwenye redio, sehemu ya kukata besi za mbele. Ikiwa iko 200 ao 250 Hz, ishushe mpaka 80.

Yaya_Probox
Mutanisamehe, nitaandika refu, juu naona huyu mutoto anataka kwenda kuumia.
2019 nilikuwa na Probox, nikataka muziki wa njia ya Rutshuru. Fundi mumoja (simutaji, tunasalimiana kanisani mpaka leo) akaniambia "mama, kesho saa kumi unachukua gari". Nilichukua siku ya nne. Tundu ya mulango ilikuwa ndogo kwa bafle niliyonunua, akaipanua na musumeno wa chuma, unga wa chuma ulikuwa bado kwenye kiti. Sumaku ya ile bafle ilikuwa nene kama mukate wa mia tano. Alipima upana, kina hakupima.
Siku ya kwanza, muziki sukari. Siku ya pili nikafika kwenye bariyeri, mutu akaniomba niteremushe kioo. Kikashuka nusu, krrr, kikasimama. Nikadhani ni vumbi ya mawe ya volkano, inaingia kila mahali hapa kwetu. Nikakandamiza kitufe tena. Kioo kikamwagika chote ndani ya mulango kama chumvi.
Na ilikuwa Novemba. Nikafunga nailoni nyeusi na skochi, nikatembea na ile nailoni wiki mbili nikingoja kioo itoke Kampala, abiria wa mbele akilowa goti moja. Maji yakaingia kwa bafle, koni ya karatasi ikavimba kama mukate kwenye chai. Nikarudi kwa fundi. Akaiangalia muda murefu, akasema: "Mama, ulinunua bafle mubaya."
Kwa hiyo ukinunua ya mulango, shusha kioo mpaka chini, ndipo upime kina. Mwenyewe.

Sebene_Himbi
Pole yaya. Ndiyo maana nasema 6x9. Nyuma hakuna kioo cha kushuka.

Fundi_Majengo
Ist haina lile bati la nyuma kama Corolla. 6x9 utazifunga kwa nini, kwa karatoni? Utahitaji boksi, na sabufa tayari imekula nafasi. Tena mwimbaji ataimba nyuma ya shingo yako.

Sebene_Himbi
Mi niko na 6x9 kwenye boksi tangu 2016, na sijaona mwimbaji wa kunilalamikia.

Karisimbi77
Mi swali langu ni ingine. Ist yangu bado iko na redio ya Japani, inakamata FM 76 mpaka 90 tu. Kile kiboksi cha kuongeza stesheni kinafaa?

Fundi_Majengo
Kinashusha stesheni za juu ziingie ndani ya 76–90. Inafanya kazi, lakini zingine zinapandana. Toa hiyo redio.

Karisimbi77
Nitoe redio nzima juu ya habari za asubuhi?

Nyali_Sauti
Mfungulie mada yake jamani.

Mtoto_wa_Katindo
Nimerudi. Betri nimefanya. Kuume koni ilitoka, kushoto iliingia ndani! Nimegeuza waya. Sasa mwimbaji amesimama katikati ya dashibodi, mbele kabisa ya pua, na hata besi ya mulango imeamka. Gitaa ndiyo bado nyembamba.
Nikafungua mulango wa kushoto. Kwa waya ya bafle kubwa, chini ya skochi, kuna kitu ya duara ya bluu imeandikwa 47. Nimepigia fundi simu, ameniambia nisiiguse, eti ndiyo inalinda bafle. Mvua imeanza, nimefunga.

Omu_Nne (L'shi)
🙆 Niliandika nini?

Fundi_Majengo
Toa. Unganisha waya, funga vizuri, weka 80 Hz kwenye redio. Kulinda kutafanywa na redio. Hizo 130 ziache kwanza, baadaye labda ampli.

Nyali_Sauti
Ampli sikatai. Redio nyingi zimeandikwa 4x50 lakini zinazotoka kweli ni kama wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Ila asitoe kapasita upande mmoja akasahau wa pili.

Sebene_Himbi
Ao achana na hiyo kapasita ya bluu. Niko na 6x9 zangu hapa, nakuachia kwa 70.

Yaya_Probox
Aaah! Kumbe tangu asubuhi ulikuwa unachuuza!

Mtoto_wa_Katindo
70 na boksi zake?

Sebene_Himbi
Boksi ni 15 kando. Njoo leo kabla ya moto wa umeme kukatika, usikie.

Fundi_Majengo
Kijana. Mulango wa kuume uliufungua?

Karisimbi77
Na ile redio ya Japani uliyotoa kwenye Ist yako, ilienda wapi? Yangu kitufe cha sauti kimekufa.