Parokia ya Manchester, Jamaika: kwenye fomu ya ndoa nijaze nini?

ShangaziMoshi
Habari za leo wanajukwaa. Binti wa kaka yangu anaolewa na kijana wa Jamaika, na makaratasi yote nimekabidhiwa mimi. Cheti cha kuzaliwa cha mkwe kinasema alizaliwa mji wa Mandeville, parokia ya Manchester. Fomu inataka mkoa na wilaya. Karani amenirudisha mara mbili: parokia ni mambo ya kanisa, na Manchester iko Uingereza. Kijana mwenyewe ni Msabato, hana parokia! Nikafungua ramani ya zamani, nikakuta kisiwa kimegawanywa Cornwall, Middlesex na Surrey. Mkoa ni upi hapo? Harusi ni mwezi ujao na silali vizuri.

Baharia_Likoni
Shikamoo shangazi. Usibadilishe hata herufi moja ya cheti. Parokia ndiyo mkoa wao. Ziko 14, na kila moja imegusa bahari. Nimefanya kazi meli za watalii, tukifunga gati Falmouth, makao makuu ya parokia ya Trelawny. Mjamaika ukimuuliza kwao ni wapi, anakutajia parokia kwanza. Bosi wangu jikoni alikuwa wa St. Elizabeth, wenyewe wanaiita St. Bess, na akiitaja uso unabadilika.

Jina lina historia, na naomba niieleze kwa sababu inaniuma. Chini ya Waingereza, parokia ya Kianglikana ilikuwa pia serikali ya mahali. Baraza lake lilitoza kodi, likasimamia barabara na maskini, na waliokaa humo walikuwa wenye mali. Tarehe 11 Oktoba 1865 Paul Bogle, shemasi wa Kibaptisti, aliongoza watu hadi mahakama ya Morant Bay, baraza la parokia likiwa linakutana humo ndani. Askari wa kujitolea wakafyatua risasi, mapambano yakazuka. Kisha serikali ikaua mamia ya watu, na Bogle akanyongwa. Mabaraza yale yakavunjwa, na mwaka 1867 parokia 22 zikaunganishwa kuwa 14. Mwaka 1870 Kanisa la Anglikana likaacha kuwa kanisa la dola. Neno parokia likabaki kwenye vyeti mpaka leo.

ShangaziMoshi
Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Sikuyajua hayo ya Bogle. Na hii Manchester?

Mwl_Ramani
Dada, hilo naweza kukusaidia. Parokia hii ilimegwa mwaka 1814 kutoka parokia za jirani, ikapewa jina la gavana wa wakati huo, Duke wa Manchester. Mandeville ni cheo cha mwanawe wa kwanza. Kwa hiyo mkwe wako hakuzaliwa Uingereza, na karani akisisitiza mwonyeshe Mandeville kwenye ramani: iko kwenye nyanda za juu za kati, magharibi ya Kingston.

Cornwall, Middlesex na Surrey ni kaunti tatu zilizochorwa mwaka 1758 kwa ajili ya mahakama. Hazina serikali wala ofisi leo, usiziandike popote. Manchester ingekuwa ndani ya Middlesex, lakini hilo la kujua tu.

Chini ya parokia hakuna wilaya kama zetu. Kisiwa kizima ni kilomita za mraba 10,991, kidogo kuliko mkoa wako wa Kilimanjaro. Parokia ya Kingston ina kilomita za mraba kama 22 tu, na inaendeshwa pamoja na St. Andrew tangu 1923. Mimi ningejaza hivi: mkoa, Parokia ya Manchester, wilaya, Mandeville, nchi, Jamaika. Neno parokia liache palepale, lisije likapishana na cheti.

Baharia_Likoni
Naunga mkono. Halafu shangazi, mkienda kumtembelea binti, Mandeville mtaipenda. Bosi wangu alisoma huko. Kuna ubaridi jioni, na udongo ni mwekundu wa boksaiti.

ShangaziMoshi
Nimejaza kama mwalimu alivyosema, na ramani nimeichapisha kwa rangi. Nimempigia mkwe kumuuliza kama ni kweli udongo wao ni mwekundu. Akasema viatu vyake vyeupe vya shule havikuwahi kumaliza wiki. Kesho saa mbili asubuhi niko dirishani kwa karani.