Karatasi inazuia mionzi ya alfa kweli? Niko Mtwara, naombeni ushauri

Tupa_Chikongola: Wakuu, nanunua vyuma chakavu. Kwenye mzigo wa jengo lililobomolewa nimekuta vile vidude vya darini vinavyolia kukiwa na moshi, kumi na moja. Ndani vina alama ya mionzi na maandishi Am-241. Kijana mmoja kasema ni alfa, karatasi inaizuia. Nimevifunga gazeti. Inatosha?

MwalimuMstaafu: Kasema kweli. Chembe ya alfa ni protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikana, kiini cha heliamu. Nzito, ina chaji mbili, inanyang'anya elektroni kila atomu iliyo jirani, hivyo hewani inachoka kabla ya sentimita tano. Hiyo Am-241 ni amerisiamu, metali yenye mionzi; ikiitoa alfa inageuka neptuniamu. Nusu yake huisha kwa miaka 432. Rutherford aliipa jina alfa mwaka 1899.

Mama_Mikindani: Mie mume wangu alipuliza salfa kwenye mikorosho bila kufunga pua, akakohoa mpaka minada ikaisha. Kisichoonekana kinaua.

Nahodha_Msangamkuu: Mjomba, watu walivunja redio za bibi zao wakitafuta zebaki nyekundu, mali ya uvumi tu. Tamaa hiyo.

Dada_Maabara: Umevifungua? Jibu hilo kwanza.

Tupa_Chikongola: Viwili tu. Kibati cha ndani kinang'aa njano, nikajua dhahabu, nikakipiga tupa kidogo. Lakini nilivaa barakoa. Na mteja anakuja Ijumaa, ameshanipa advansi, ndiyo ada ya mtoto.

Dada_Maabara: Ulipigia wapi?

Tupa_Chikongola: Chumbani. Juu ya mkeka.

Kijiweni_Lindi: ID ya leo, majibu yanakuja kwa matone. Hili swali la fizikia kidato cha sita limevishwa kanga. Msichoke bure.

MwalimuMstaafu: Nami naanza kushuku. Mgongoni kibati kina rangi gani?

Tupa_Chikongola: Mgongoni cheupe kama fedha. Kidogo, kama punje ya choroko. Unga umeingia kwenye ukili, nikimulika tochi unametameta. Mwanangu wa miaka mitatu analala hapo. Sitanii, wakuu.

Dada_Maabara: Hatungi huyu. Amerisiamu hufunikwa na utando wa dhahabu, nyuma fedha. Ngozi inazuia alfa, mapafu hayawezi. Unga ukivutwa, kila chembe inamalizia nguvu zake zote ndani ya nyama, na amerisiamu huhamia kwenye mifupa na ini, ikakaa miaka. Usifagie, usichome, usizike. Toa watu, funga chumba, ogeni, nguo zitie ndani ya mfuko. Asubuhi piga simu Tume ya Nguvu za Atomiki, na mtoto aende hospitali. Taja amerisiamu kwa jina.

Tupa_Chikongola: Nimemwambia mteja asije. Ila mkeka mama yake aliukung'uta juzi uani, chini ya mkorosho. Kuku wanadonoa pale. Mayai yao tumekula leo mchana.