Naomba ushauri: wateja wanadhani "eau de toilette" ni ya chooni

Wakuu habari zenu, nauza pafyumu na hili jambo linaniumiza kweli. Jana dada mmoja alishachagua chupa, akaigeuza, akaona imeandikwa eau de toilette akairudisha mezani, eti hawezi kujipulizia dawa ya chooni. Nikamwelewesha kwamba toilette kwa Kifaransa mwanzoni ilikua kitambaa kidogo, neno limetoka kwenye toile yaani kitambaa, kilikua kinatandikwa kwenye meza ya kujipambia, baadae ikawa ndo kujipamba kwenyewe, Waingereza wakalichukua wakasema toilet, likahamia kwenye chumba cha kuvalia mpaka likaishia chooni. Akaondoka hata sijamaliza! Naombeni mnishauri, nibandike karatasi ya maelezo dukani au niseme tu ni pafyumu yenye harufu nyepesi kuliko ile ya eau de parfum? Mzigo ni orijino kabisa.