Mwaka wa tatu nasubiri upasuaji wa kupunguza uzito. Nyinyi mlingojaje?

Mnyanjani:

Assalam aleikum, na habari zenu nyote. Naomba kusikia kutoka kwa waliopita njia hii.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mzaliwa wa Tanga, niko Uingereza tangu 2009. Natunza wazee, shifti za usiku. Nina kilo 127 na urefu wa sentimita 162, kwa hiyo BMI yangu, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 48. Nina kisukari tangu 2018, nameza metfomini, na nalala na mashine ya kupumulia kwa sababu pumzi hunikatika usingizini. Magoti sisemi.

Daktari wangu wa familia aliandika rufaa Machi 2023. Kabla hujamfikia daktari wa upasuaji, NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, inakupitisha kwanza kliniki ya uzito: mtaalamu wa lishe, mwanasaikolojia, mazoezi, vipimo. Nilimaliza miezi 12 bila kukosa hata miadi moja. Kuna siku nilitoka shifti saa moja asubuhi nikaenda moja kwa moja na nguo za kazi. Mei 2024 nikaambiwa nimekubaliwa, jina limeingia kwenye orodha. Tangu hapo nimepata barua mbili. Ya kwanza ilinipa tarehe ya kuonana na daktari wa upasuaji, ya pili ikaifuta. Hiyo ya pili nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, na kila nikitoa majani ya chai naisoma tena.

Tatizo ni kwamba nimeahirisha kila kitu. Sinunui nguo, nasema nitanunua nikishapungua. Nyumbani sijafika tangu 2019. Safari ile mkanda wa kiti cha ndege haukunitosha, nikaomba kipande cha kuungia, na mhudumu akapita nacho njia nzima amekiinua juu. Bado nawaona watu walivyogeuka. Sasa Aprili mwakani binti wa dada yangu anaolewa. Yule mtoto nimemlea mimi mpaka darasa la tatu. Nimemwambia dada sipati likizo. Nimemdanganya, likizo ninayo.

Kwetu hawajui lolote. Nikituma picha naambiwa nimenawiri, Ulaya imenipokea. Mama anafurahi kwa moyo wake wote, maana kwake mwili wangu ni ushahidi kwamba mwanawe halali njaa ugenini. Nitaanzaje kumwambia nataka kupunguzwa tumbo nisiweze kula?

Na hili nimeliandika nikalifuta mara tatu. Tangu miadi ifutwe nimeanza kula usiku kazini. Wazee wakishalala, saa nane, saa tisa, nakaa na chai ya maziwa na pakiti ya biskuti. Najiambia kula tu, siku zako za kula zinahesabika. Nimeongeza kilo 4. Mwanasaikolojia wa kliniki sijamwambia, naogopa wataniondoa kwenye orodha.

Maneno ya "vuta subira" nimeshaambiwa na kila mtu. Nataka kujua siku za kawaida tu, Jumanne, Jumatano, mlizipitishaje.

MamaMapacha:

Pole sana dadangu. Mimi ni wa Mombasa, niko Birmingham, nilingoja miaka miwili na miezi mitano. Nilifanyiwa ule wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama robo tatu hivi, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi.

Siku zangu zilibadilika nilipoanza kula kama mtu aliyekwisha kupasuliwa. Mtaalamu wa lishe alikuwa ameniambia hayo mwanzoni kabisa, nami nikayaweka kando nikidhani ni ya baadaye. Nilitoa sahani kubwa zote nikazipandisha juu ya kabati, nikawa nakula kwenye kisahani cha keki kwa kijiko cha watoto. Tonge natafuna mpaka lilainike kabisa ndipo nameza. Na kubwa kuliko yote, sinywi kitu wakati wa kula, nangoja nusu saa baadaye. Sisi watu wa Pwani tumezoea biriani na juisi ya ukwaju pembeni, kwa hiyo usidhani hilo ni jambo dogo. Lilinichukua miezi minne kulizoea. Lakini ndipo nikapata kitu cha kufanya Jumanne, badala ya kukaa nikisikiliza mlio wa posta.

La pili, piga simu. Muulize karani wa miadi mwenyewe, siyo mapokezi. Wagonjwa huahirisha miadi kila wiki, nafasi zinabaki wazi. Mwambie uko tayari kwa nafasi ya ghafla ya kuonana na daktari, hata ikiwa ni kesho yake. Mimi nilikuwa napiga Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu asubuhi, kwa upole, mpaka akawa ananitambua kwa sauti. Kwenye Katiba ya NHS, England, mgonjwa asiye wa dharura ana haki ya kuanza matibabu ndani ya wiki 18 tangu rufaa kwa mtaalamu, na zikipita anaweza kuomba atafutiwe hospitali nyingine. Waulize wiki zako wanazihesabu kuanzia wapi, kwa sababu miezi ya kliniki huvuruga hesabu hiyo.

Na nguo nunua. Mbili tu, zinazokutosha leo. Mimi nilikaa mwaka mzima na suruali moja ya kazi, mapaja yakachubuka, na sikuwa napungua kwa ajili hiyo.

Mzee_wa_Kivuko:

Mimi niko Dar. Dada, kwa nini uteseke miaka mitatu? Binamu yangu alikwenda Uturuki akalipa mwenyewe, siku saba amerudi na sasa anakimbia ufukweni. Mkiwa na kikoba huko kopa, ulipe kidogo kidogo. Nasema kwa nia njema, nimefiwa na kaka kwa kisukari na sipendi kuona mtu anangojea karatasi.

Nesi_Mstaafu:

Ndugu Mzee wa Kivuko, pole kwa msiba wa kaka. Nimefanya kazi wodi za upasuaji miaka mingi, Tanzania na huku, kwa hiyo niseme ninayoyajua. Anayetaka kwenda nje ana haki yake, na wapo wengi waliofanyiwa vizuri. Lakini upasuaji huu wenyewe ni saa chache tu, kazi inakuja nyuma yake. Ukifanyiwa na NHS timu inakufuatilia miaka miwili, kisha daktari wa familia anakupima damu kila mwaka. Vitamini ni za maisha, na waliofanyiwa baipasi, ule wa kupitisha chakula kando ya sehemu kubwa ya tumbo, huchomwa sindano ya B12 kila miezi mitatu. Sehemu iliyoshonwa ikivuja siku ya tisa na wewe umeshapanda ndege, nani anakupokea? Anayekwenda apate jibu la swali hilo kwa maandishi kabla hajalipa hata shilingi.

Sasa mwanangu Mnyanjani. Hilo la biskuti mwambie mwanasaikolojia wiki hii. Wanaweza kukuchelewesha kidogo ili wakusaidie kwanza, sikufichi. Lakini ukilificha utaamka nalo baada ya upasuaji. Nyama na wali vitakukwama, utavikoma mwenyewe. Biskuti iliyolowekwa kwenye chai haikwami. Inateleza hata kwenye tumbo dogo kama yai, pakiti nzima inapita. Nimewaona watu waliorudisha uzito kwa njia hiyo hiyo, na walikuwa na bidii kama wewe.

Halafu angalia sukari. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu kikiwa juu sana, upasuaji huahirishwa hata kama tarehe ipo, kwa sababu kidonda hakiponi vizuri na maambukizi huingia. Kwa hiyo zile saa nane zako zinaweza kukurudisha nyuma kuliko barua yoyote. Kula chakula kamili kabla ya kwenda kazini, na beba chako: mayai ya kuchemsha, mtindi usio na sukari, kunde. Mashine ya usingizi ivae kila unapolala, hata mchana baada ya shifti. Ina kumbukumbu ndani, na daktari wa usingizi wa upasuaji atataka kujua umeitumia saa ngapi. Omba pia upimwe vitamini D na madini ya chuma sasa, maana sisi weusi katika nchi hii isiyo na jua mara nyingi tunapungukiwa vitamini D, na kuirudisha huchukua miezi.

Waulize pia kama zile sindano za kupunguza uzito za kila wiki, Mounjaro au Wegovy, zinakufaa wakati unangoja. Ukiwekwa kwenye sindano, hakikisha timu ya upasuaji inajua, kwa sababu chakula hukaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida na hilo ni hatari ukilazwa usingizi. Za kununua kwa watu mitandaoni usiguse.

Siku ukipata tarehe watakupa utaratibu wa kula wa kupunguza ini, mara nyingi wiki mbili. Ini lenye mafuta huvimba, na limelala juu ya mfuko wa chakula, pale pale daktari anapotaka kupita na vyombo vyake. Wiki mbili za kupunguza wanga na mafuta hulifanya linywee. Wapo ambao daktari aliingiza kamera, akakuta ini limefunika kila kitu, akatoka bila kufanya. Fikiria kungoja miaka mitatu uamke uambiwe hivyo. Kwa hiyo zile wiki mbili usiibe hata sambusa.

Lindi_Leeds:

Nami nipo kwenye foleni ya kuingia foleni. BMI 38, sina kisukari wala presha, magoti tu. Nimeambiwa mpaka nifike 40. Nilitoka pale nikalia kwenye gari, maana ni kama naambiwa nikanenepe kwanza ndipo nirudi.

Nesi_Mstaafu:

Usinenepe mwanangu. Rudi kwa daktari wako. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huku, unasema kwa watu wenye asili ya Afrika mipaka ishushwe kwa 2.5, kwa hiyo 40 kwako inasomeka 37.5. Si kila daktari analikumbuka. Mwambie kwa adabu aufungue mwongozo mbele yako.

Lindi_Leeds:

Sikulijua hili kabisa. Asante mama. Naandika barua leo.

Mnyanjani:

Nimerudi, zimepita wiki tatu. Samahani kwa kimya, nilitaka nije na kitu.

Nilipiga simu Jumatatu. Karani ni kijana mpole. Akaniambia kwenye faili langu imeandikwa napokea barua tu, hakuna namba ya simu. Namba yangu wanayo kliniki ya uzito tangu 2023, lakini haikuhamishwa. Ina maana hata nafasi ya ghafla ingetokea wasingeweza kunipata. Ameiingiza, ameniweka kwenye nafasi za ghafla, na nimemwambia wiki mbili za Aprili sitakuwepo, ameziandika pia.

Mwanasaikolojia nilimwambia. Nilianza kulia kabla sijafika kwenye neno biskuti. Hakuniondoa. Amenipa vikao 6, na kazi ya kuandika kila usiku nimekula saa ngapi na kabla yake kulikuwa na nini. Nimeandika usiku 11 na nimeona jambo ambalo sikuwahi kuliona: nakula usiku ambao kengele hazilii. Wazee wakiita, nikizunguka vyumbani, sigusi kitu. Kukiwa kimya ndipo mkono unakwenda. Kwa hiyo sasa kukiwa kimya nakunja nguo za kufulia za ghorofa nzima, na mayai yangu mawili nayala saa saba pamoja na wenzangu, mezani, siyo peke yangu. Kati ya usiku 11, biskuti nimekula usiku 4. Kilo hazijashuka, zimesimama.

Kisahani nimenunua. Kungoja nusu saa bila maji bado kunanishinda, MamaMapacha, niombee.

Na nimempigia dada. Nilimweleza yote, kisukari, mashine, upasuaji. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Kwa hiyo likizo unayo?" Nikasema ninayo. Akaniambia mama nimwachie yeye, atajua siku ya kumweleza, ila nijipime leo leo nimtumie vipimo, kwa sababu fundi anaanza kushona sare za harusi wiki ijayo. Nikamwambia labda nitakuwa nimepungua. Akasema nguo hupunguzwa, haishindikani, tuma vya sasa.

Nimejipima juzi mbele ya kioo, mara ya kwanza tangu sijui lini, kwa futi ya kushonea. Nimetuma namba zote kama zilivyo.

Swali moja limebaki. Kile kipande cha mkanda wa ndege, kuna namna ya kukipata bila watu wote kujua?

MamaMapacha:

Ipo. Unapoingia mlangoni pale wanapokusalimu, mwambie mhudumu wa kwanza, kwa sauti ya chini, kabla hujafika kitini. Huviweka karibu. Atakupa kimekunjwa mkononi, utie kwenye pochi. Chagua kiti cha dirishani, utajifunga wewe wa kwanza kabla jirani hajakaa. Nimefanya hivyo safari mbili, Heathrow mpaka Nairobi, hakuna aliyejua.