Kompyuta ya nyumbani imeliwa na virusi na hesabu za kikoba zote zimo humo, nifanyeje?

Katibu wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, na tafadhali nielezeni kama mnamwelezea mama yenu, maana kompyuta mimi naijua kwa Excel na picha basi.

Nina kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 780, niliinunua mtumba mwaka 2014 hapa hapa Morogoro. Windows 7, RAM GB 2. Imebeba hesabu za kikoba chetu tangu 2016: wanachama 28, hisa, mikopo, faini za wachelewaji, mfuko wa jamii. Katibu ni mimi. Mgao ni tarehe 13 Desemba, yaani zimebaki wiki tatu.

Wiki iliyopita kijana wangu alipeleka flashi steshenari kuprinti kazi ya shule. Aliporudi akaichomeka nyumbani. Kuanzia siku hiyo kila folda ina kamshale kadogo pembeni. Ukibonyeza inafunguka, ila kwanza kinatokea kidirisha cheusi, kinapepesa, kinapotea. Antivairasi haifunguki kabisa. Kijana akajifanya mtaalamu, akafuta vyote vyenye mshale akidhani anafuta virusi. Sasa diski D nyeupe pee, hakuna hata folda moja.

Fundi niliyempelekea hakuiangalia hata dakika tano. "Mama, hii ni ya kupiga Windows tu, elfu ishirini, vilivyomo uvisahau." Nikabeba mashine yangu nikarudi nayo kwenye bajaji nimeipakata kama mtoto.

Maswali ni mawili. Hesabu zangu zinapatikana? Humo mna na picha za msiba wa mama, 2019, na simu iliyozipiga ilishaibwa. La pili: nikinunua nyingine, laki nne inapata nini cha maana? Tafadhali msiniambie niongeze kidogo nipate ya laki nane. Laki nne ndiyo iliyopo.

Fundi Mstaafu

Pole dada. Izime, chomoa waya ukutani, asiiguse mtu. Na umefanya vizuri kuondoka pale.

Nijibu mambo mawili kwanza. Ukifungua Computer, ile D inaonyesha nafasi iliyobaki ni kiasi gani? Halafu, kabla kijana hajafuta, uliona faili lolote lililoongezewa mkia wa ajabu kwenye jina, au karatasi inayoitwa _readme.txt inayodai dola? Kama uliona hiyo, huo ni ugonjwa mwingine na tiba yake ni nyingine.

Katibu wa Kihonda

Karatasi ya kudai dola hakuna, na majina yalikuwa yale yale. Nafasi naikumbuka kwa sababu nilishangaa: D ni GB 150, inasema zilizo wazi ni 112. Nikajiuliza, kama imebaki tupu, hizo 38 anakula nani?

Fundi Mstaafu

Hizo 38 ndizo picha za mama na hesabu za kikoba. Zipo.

Kirusi hiki tunakijua miaka mingi, watu wanakiita kirusi cha shotikati. Hakifuti kitu. Kinachofanya ni kuzipa folda zako alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, na Windows ikiona alama hizo haikuonyeshi. Kisha kinatengeneza shotikati, yaani njia ya mkato yenye kamshale, yenye jina lile lile la folda, ya KB 1 au 2 tu. Ukiibonyeza inafanya kazi mbili kwa mpigo: inawasha kirusi (kile kidirisha cheusi) halafu inakufungulia folda yako ya kweli, ndiyo maana mtu anaweza kukaa nacho mwezi mzima asijue. Kijana wako alifuta shotikati. Ameng'oa kibao cha mlangoni, nyumba haijaguswa.

Kijana wa Msamvu

Mbona mnamzungusha bi mkubwa? Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika attrib -h -r -s /s /d D:\*.* bonyeza Enter, subiri, folda zote zinarudi. Dakika mbili. Chuoni tunafanya hivyo kila siku.

Fundi Mstaafu

Kijana, amri yako ni sahihi, na kwa flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta safi ningempa hiyo hiyo. Lakini hapa anayeumwa ni kompyuta yenyewe. Atazifichua saa nne, saa nne na nusu kirusi kimezificha tena, na kila diski atakayochomeka kuokolea vitu itaambukizwa papo hapo. Windows hiyo isiwashwe.

Dada, fanya hivi. Tafuta kompyuta safi ya jirani au ya kazini na flashi ya GB 8 isiyo na kitu. Pakua Linux Mint, mfumo wa bure unaofanya kazi ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce kwa sababu RAM yako ni ndogo. Ni karibu GB 3, hivyo subiri bando la usiku. Iandike kwenye flashi kwa programu inayoitwa Rufus. Chomeka flashi hiyo kwenye Dell yako, washa, na pale pale inapoonyesha nembo ya Dell gonga F12 mfululizo, kisha chagua USB. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako. Usibonyeze kitu chochote kinachosema Install, hatujafika huko. Mint haijali zile alama za kuficha, kwa hiyo ukifungua ile diski ya GB 150 (humo haiitwi D) utaona kila kitu.

Kisha chomeka diski ya nje, unakili hati, Excel, PDF, picha na video. Yenye mkia wa .exe, .vbs, .lnk, .scr na .bat yaache huko huko yafe. Ukiona faili la Excel lenye mkia wa .xlsm, yaani lenye programu ndogo ndani yake, usilifungue mpaka liskaniwe kwenye mashine safi.

Mama Wawili

Naongezea moja ambalo wanaume wa kompyuta hulisahau. Dada, kama uliwahi kuingia kwenye barua pepe au Facebook kwa kompyuta hiyo, badilisha nywila leo, tena badilisha kwa simu. Ukiibadilishia humo humo ni sawa na kumnong'oneza mwizi mahali pa funguo.

Mzee wa Mitumba

Mimi nijibu la laki nne, maana laptop used ndiyo kazi yangu.

Kwa hela hiyo Kariakoo utaonyeshwa HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, Lenovo ThinkPad T460. Zilikuwa mashine za maofisini Ulaya na Marekani, bodi ngumu, spea zipo kila kona. Bei inacheza na RAM na hali ya betri. Mwezi wa tisa niliuza E7470 moja kwa laki tatu na themanini.

Usome namba ya prosesa. Ikiandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi, hapo ni cha sita. Windows 11 inataka kuanzia cha nane, kwa mfano i5-8250U. Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji akikuapia kwamba ya kizazi cha sita "ina Windows 11 orijino", jua ameilazimisha. Itafanya kazi, lakini bei isipande kwa ajili hiyo.

Ukiwa dukani usione haya. Chomoa chaja, ikae robo saa kwa betri. Andika herufi zote a mpaka z uone kama kuna kitufe kimekufa. Funua na kufunika kioo mara tatu ukisikiliza bawaba. Izime, iwashe uingie BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine (HP ni F10, Dell ni F2). Ikikuuliza nywila ambayo muuzaji haijui, mrudishie na kwaheri, hata akipunguza bei. Na uandikiwe risiti yenye serial namba.

Fundi Mstaafu

Mzee wangu, biashara yako naiheshimu, ila asinunue kwanza. OptiPlex 780 inatumia RAM ya aina ya DDR3, inapatikana kwa bei ya chini. Akiweka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na kuongeza RAM, kwa Excel na picha mashine ile inatembea miaka mingine.

Kijana wa Msamvu

Prosesa ya zamani hiyo, Core 2 Duo, mwaka 2025 jamani 😂

Katibu wa Kihonda

Wakuu, narudi na mrejesho. Samahani nimekaa kimya siku tisa.

Flashi ya Mint alinitengenezea mpwa wangu kazini kwake. F12 nilikosa mara tatu, Windows ikaanza kuwaka nikachomoa waya kwa hofu. Ya nne nikaanza kugonga hata kabla nembo haijatokea, ikakubali. Ilichukua muda mpaka nikadhani imekufa, halafu ukaja ukurasa wa kijani. Nikafungua ile diski ya GB 150. Folda zote zimejipanga: KIKOBA, PICHA, MSIBA BIBI, SHULE. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nilinunua diski ya nje used ya GB 320, elfu hamsini. Kunakili ilikuwa imefika nusu, umeme ukakatika. Kompyuta ya mezani haina betri, kwa hiyo giza. Uliporudi nikawasha tena na kunakili folda moja moja badala ya zote kwa pamoja, na kila ikiisha nafungua faili mbili tatu kuhakikisha. Picha za mama zipo zote, 214.

Sasa la kununua. Mzee wa Mitumba unisamehe, nimemsikiliza Fundi. SSD ya GB 240 elfu 55, RAM GB 4 elfu 20, mpwa akafunga mwenyewe na kupuliza vumbi ambalo sitalielezea hapa. Tumeweka Mint moja kwa moja. Diski ya zamani nimeifunga kwenye mfuko na kuandika USIGUSE kwa maka pen. Ofisi ya humo inaitwa LibreOffice, imefungua hesabu zangu zote. Kitu kimoja kilinishtua: safu ya hisa iligeuka alama za #### tupu kuanzia juu mpaka chini. Nikajua tumeibiwa. Kumbe safu ni nyembamba tu, ukiivuta kwa pembeni namba zinatokea. Nimejumlisha mara mbili na daftari la mkono, inakubali mpaka shilingi mia.

Mzee wa Mitumba

Nimekusamehe mama. Januari ukiwa na ile hela iliyobaki, unitafute.

Fundi Mstaafu

Hongera. Kijana aliyefuta anaendeleaje?

Katibu wa Kihonda

Yupo, amekuwa mpole. Jana mwenyekiti kanipigia akitaka niprinti orodha ya mgao nakala 28, nipeleke kwa flashi steshenari ile ile. Nimewatumia PDF kwa WhatsApp. Flashi yenyewe iko kabatini, chini ya kanga.